Mafuta Yaliyobaki

Amyn Madatali alikuwa na swali moja alilolipenda kuliko mengine yote, na wenzake wapenda ndege za zamani walikwisha kulizoea: tangi lilikutwa na mafuta kiasi gani?

Mchana alikuwa muuza miwani. Duka lake lilikuwa Markham, pembezoni mwa Toronto huko Kanada, naye alikuwa mtu wa tai na sauti ya chini, bingwa wa kuwabembeleza wazee wasome herufi za mstari wa mwisho. Lakini nyumbani kwake Unionville, katika chumba cha chini ambacho majirani waliweka televisheni kubwa na viti vya kulalia, yeye alijaza ndege. Ndege zenyewe hapana, angezitia wapi? Alijaza habari zao. Ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili, zile zilizotua katika nchi zilizokataa kuingia vitani, Uswisi, Uswidi, Ureno, Ayalandi, zikazuiwa huko pamoja na marubani wao. Ipi ilitua wapi, nani aliirusha, kwa nini alitua, na mwisho wake ukawa upi: hayo ndiyo yaliyomkosesha Amyn mechi za hoki na harusi za binamu zake. Mkewe alikwisha kunyoosha mikono.

Na ukimuuliza kwa nini mafuta, atakueleza mpaka chai ipoe. Rubani anayetua nchi ya watu wakati wa vita hakosi maelezo. Injini ilikohoa. Kulikuwa na ukungu. Dira ilienda kombo. Basi usimsikilize, chungulia tangi. Likiwa kavu, maskini alipotea au aliishiwa. Likiwa na mafuta ya kumrudisha kwao, huyo alichagua kutorudi, hata akuapie mbele ya mama yake mzazi. "Iulize ndege, usimuulize rubani," Amyn alipenda kusema. "Ndege haina mke, haina mkubwa wa kumwogopa, haina sababu ya kudanganya." Miaka nenda miaka rudi alikuwa akisema hivyo, na maneno hayo hayakuwahi kumdhuru mtu, kwa kuwa wengi wa marubani wenyewe walikuwa wamekwisha kufa.

Pulchérie alikuwa akimhudumia mama yake Amyn, Bi Gulshan, tangu bibi huyo avunjike nyonga. Kila asubuhi alitoka Thorncliffe Park kwa basi hili na basi lile, akaingia na viatu vilivyolowa theluji, akamwogesha bibi, akampikia uji, na wawili hao wakapiga soga kwa Kiswahili chao, bibi cha Kigoma na Pulchérie cha Kalemie, ng'ambo mbili za ziwa moja. Siku moja ya Desemba 1998 aliteremka ngazi za chumba cha chini. Hakuwahi kuteremka huko.

"Papa Amyn," alisema, "Maman Gulshan ameniambia wewe unajuaka habari za ndege za vita zenye zilikamatwa mu inchi za watu."

"Za zamani, Pulchérie. Za kabla hatujazaliwa."

"Ya bwana yangu haiko ya zamani."

Akaeleza akiwa amesimama, mikono kwenye aproni. Mumewe, Bonaventure, alikuwa rubani wa jeshi kwao. Katika vita vya mwaka uliotangulia aliamriwa apeleke ndege yake kaskazini, akaipige kwa makombora barabara iliyojaa watu waliokuwa wakikimbia kwa miguu, kina mama na mizigo yao na watoto. Alipaa kama alivyoamriwa. Alipofika juu akageuza kusini, akavuka mpaka hadi Zambia, nchi isiyokuwamo vitani, akatua kwenye kiwanja kidogo cha udongo kando ya ziwa. Kabla ya kutua aliyafyatua makombora yote majini, maana kushuka nayo kwenye kiwanja cha mashimo ni kujitafutia kifo. Wazambia wakamzuia, yeye na ndege yake. Baadaye walimwachia, mke na watoto wakamfuata, na sasa familia nzima ilikuwa Toronto ikiomba hifadhi.

"Na serikali ya hapa inasemaje?"

"Wanasema alienda kwa ile barabara. Ati alipiga watu, mafuta ikamwishia, njo akajitupa Zambia. Ati hii habari ya kukataa aliitunga nyuma." Sauti yake ilikatika, akaidaka tena. "Wakimwita muuaji, wanamrudisha, na sisi pamoja naye. Mkubwa wake wa jeshi alibadilisha kofia tu, Papa Amyn. Yuko palepale. Bonaventure akishuka kwa ndege, hafiki nyumbani."

Ni aibu kusema, lakini kitu cha kwanza kilichomjia Amyn moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa hamu. Miaka yote alikuwa akifukua ndege za makaburini, na sasa moja ilikuwa imekuja kumbishia hodi.

Wakili wa familia, Nyanchama, mwanamke wa Kisii mwenye haraka kuliko lifti ya jengo lake, alimpokea kwa mikono miwili. Walitandaza ramani mezani. Barabara ya wakimbizi ilikuwa mbali kaskazini. Zambia ilikuwa kusini. Mirija ya makombora ilikutwa mitupu, na utupu hausemi kama makombora yaliwaangukia watu au samaki. Kilichobaki ni mafuta. Ndege iliyokwenda kaskazini kwanza, kisha ikarudi mpaka Zambia, ingefika tangi likiwa linalia. Iliyokwenda Zambia moja kwa moja ingefika na karibu nusu ya tangi.

"Kwa hivyo hiyo nusu tangi ndiyo maisha yake," Nyanchama alisema. "Lakini sikiza, Bwana Amyn. Ukiingia kama mtaalamu, chochote utakachopata kinaenda pande zote mbili. Hakuna kuficha. Ukipata kibaya, tumekipata sote."

"Sijawahi kuficha kitu," Amyn akasema, tena kwa majivuno.

Jumamosi hiyo alikwenda Thorncliffe Park kumwona Bonaventure mwenyewe. Alimkuta mtu mrefu, mkimya, anayefanya kazi katika kiwanda cha magodoro na anayekaa wima hata kwenye sofa iliyobonyea. Amyn hakupoteza muda, akauliza swali lake.

"Nusu," Bonaventure akajibu hapohapo. "Nusu na kidogo."

"Una hakika?"

"Papa Amyn, mtu anayepeleka maisha yake mu inchi ya wengine, anaangalia ile mshale ya mafuta kuliko anavyoangalia njia."

Amyn alimwamini. Akamwandikia mzee mmoja wa Ndola, kulekule Zambia, mwongoza ndege mstaafu ambaye walikuwa wakibadilishana picha za ndege za zamani, amtafutie taarifa ya wanajeshi waliokwenda kuichukua ile ndege kiwanjani. Mzee alikuwa na ndugu hapa na rafiki pale. Mwaka mpya ulipoingia tu, mashine ya faksi dukani ikaanza kukoroma.

Amyn aliisoma karatasi ikiwa bado inatoka, kichwa upande. Mirija ya makombora: mitupu. Tairi la mbele: limepasuka. Tangi: kavu.

Aliisoma tena akiwa amekaa. Mteja aliingia, akasubiri, akatoka. Karatasi ilikuwa na mhuri na saini, na haikuwa na namna ya kuipindisha.

Jioni ileile alikuwa tena kwenye ile sofa. Bonaventure aliishika faksi kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji mistari ile michache. Pulchérie alisimama mlango wa jikoni, kijiko mkononi.

"Waliandika vile walikuta," Bonaventure alisema hatimaye.

"Wewe uliniambia nusu."

"Nilitua na nusu."

"Basi imekwenda wapi?"

Bonaventure aligeuka akatazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama ila ghorofa nyingine. "Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Papa Amyn."

"Sema basi!" Pulchérie alipiga kelele. "Sema kitu, Bona! Unakaa tu kama ukuta?"

Bonaventure alimrudishia Amyn karatasi. Amyn alisimama. Alijiona amechezewa, na mtu aliyechezewa katika jambo analolijua kuliko yote huwa mkali kupita kiasi. "Marubani nimewasoma maisha yangu yote," alisema. "Ndege haidanganyi, Bwana Bonaventure." Akashuka kwa ngazi kwa kukosa subira ya lifti. Kesho yake aliikabidhi karatasi kwa Nyanchama, naye, kwa uso wa mtu aliyefiwa, akaipeleka upande wa pili kama sheria inavyotaka.

Kilichomtesa Amyn baada ya hapo ni kwamba Pulchérie aliendelea kuja. Angekosa kuja, Amyn angeshukuru. Lakini alikuja, akamwogesha mama yake kwa upole uleule, akakanda miguu yake, akasema "Bonjour, Papa Amyn" bila kumtazama. Alikuwa akiimba nyimbo za kwaya wakati wa kupika, sasa haimbi. Nyumba nzima ilisikia kuwa haimbi.

Kisha ikaja dhoruba ya Januari, ile iliyoufukia mji mpaka wanajeshi wakaitwa kuzoa theluji. Umeme ulikatika Unionville. Amyn alitoa gerejini jiko la kupashia joto, lile la mafuta ya taa, akaliweka sebuleni na kufungua dirisha ufa kidogo. Mama yake alikuwa amefunikwa blanketi mbili, kichwa tu kikitokeza. Amyn alipokuwa akimimina, mafuta yalimwagika sakafuni.

"Ee, dikra, mwanangu!" Bi Gulshan alimaka. "Baba yako angekuona! Dukani Kigoma hakuna aliyemwaga hata tone. Harufu hiyo nimeishi nayo miaka, mpaka kwenye mandazi."

"Najua, Mama."

"Hujui, ulikuwa mdogo. Mwaka mafuta ya taa yalipokosekana, watu walikuja na chupa, na makopo, na birika, wakagombana mlangoni. Halafu behewa la mafuta likapinduka kwenye reli, huko kabla ya Uvinza. Lo! Watu walishuka kutoka vilimani na ndoo. Askari walipofika na bunduki zao kulilinda, behewa lilikuwa limebaki kugongwa tu, ngo, ngo, ngo." Alicheka mpaka blanketi ikateleza. "Wakaandika eti limevuja."

Amyn alikuwa bado ameshika kopo. Akalitua polepole.

Ndege zake, zile za Vita Kuu, zilikunywa petroli ya kulipuka. Hakuna mwanakijiji wa Uswisi aliyeweza kuitia kwenye taa yake akaamka mzima. Lakini ndege ya Bonaventure ilikuwa ya jeti. Jeti hunywa mafuta ya taa, yaliyochujwa vizuri tu. Hilo Amyn alilijua kama alivyojua jina lake. Kilichokuwa hakijamwingia akilini ni kwamba rubani yule alikuwa ameshuka kijijini na mapipa ya mafuta ya taa tumboni, mahali ambapo chupa moja huwafanya watu wagombane.

Alikimbilia faksi. Tarehe ya kutua ilikuwa juu. Tarehe ya wanajeshi kufika ilikuwa chini. Kati yao zaidi ya wiki nzima, kwa sababu mvua zilikata barabara. Macho yake yalikuwa yamezipita tarehe zote mbili bila kuzilinganisha, kwa kuwa huko Uswisi askari hufika kabla rafadha ya ndege haijaacha kuzunguka. Alijipiga kofi la paji la uso, na kofi lile lilimstahili.

Simu zilipokuwa sawa alimpigia mzee wa Ndola. Karibu na kiwanja kuna nini? Hakuna kitu, mzee alisema, ila wavuvi na zahanati ya misheni, ambayo mwuguzi wake mkuu anaitwa Sista Kasonde.

Amyn alimvizia Bonaventure nje ya kiwanda cha magodoro, akitoka zamu, theluji ikiwafika magotini. Hakumsalimu hata.

"Walichota mafuta. Siyo? Watu wa pale walichota."

"Sijui."

"Zahanati ya Sista Kasonde..."

Uso wa Bonaventure ulibadilika. Alimshika Amyn kifuani, akaukunja ukosi wa koti lake, mtu yule mpole. "Wale watu uwaache," alisema kwa sauti ya chini. "Unanisikia? Uniache mimi na kesi yangu, na wale uwaache." Akamwachia, akanyoosha ukosi aliokuwa ameukunja, kisha akaenda zake kituo cha basi.

Sasa Amyn alijua, na kujua kulimtia hofu kuliko kutojua. Kesi ilikuwa imebakiza siku za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Angeweza kumheshimu mtu yule na kukaa kimya, kisha aone familia ikipandishwa ndege. Hakuweza. Alimwomba mzee wa Ndola amtafutie yule sista, na mzee, kwa redio ya misheni na ahadi nyingi, akampata aje mjini Mpulungu kwenye simu ya posta.

Amyn alijifungia chumba cha nyuma cha duka. Sauti ya mwanamke ilitoka mbali, kwa Kiswahili cha ziwani, cha kuokota kwa wachuuzi wa samaki.

"Ni nani, mukwai?" aliuliza, kwa neno la heshima la kwao.

"Naitwa Amyn, niko Kanada. Nauliza juu ya ile ndege ya vita iliyotua kwenu. Mafuta yake, Sista..."

Simu ikakatwa.

Alibaki anaitazama. Asiye na la kuficha hakati simu. Akapiga tena, akabembeleza karani wa posta, akasikia viatu vikirudi taratibu.

"Mimi sina neno," yule mwanamke alisema. "Na rubani aliniahidi hatasema."

"Hajasema, Sista. Hajasema hata kwangu, hata kwa mke wake. Ndilo litakalomwua."

Akamweleza yote. Barabara, makombora, tangi kavu, watoto wawili.

"Zahanati yetu ina friji la mafuta ya taa," Sista Kasonde alisema, "la dawa za chanjo. Mwaka ule mafuta hayakuja. Dawa zilikuwa karibu kuharibika, na surua imeingia kwa wavuvi. Unafikiri mimi ningefanya nini?"

"Ningefanya hivyohivyo."

"Usiseme hivyo. Wewe hauko hapa. Ilikuwa mali ya jeshi, haitakiwi kuguswa. Kwa kosa hilo watu hufungwa."

Amyn alimpa siku na saa ambayo bodi inayoamua maombi ya hifadhi ingempigia simu kama shahidi. Hakumwomba aahidi, aliona haya. Na yeye hakuahidi.

Asubuhi ya kesi, Nyanchama, aliyekwisha kuambiwa yote na Amyn, alimweleza Bonaventure habari ya simu ya Sista mlangoni kabisa mwa chumba, makusudi, ili asipate nafasi ya kukimbia. Bonaventure alimtazama Amyn mara moja tu, na Amyn angependa kupigwa kuliko kutazamwa vile.

Wajumbe wa bodi walikuwa wawili, na mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyomlegea. Mwakilishi wa serikali, kijana mwenye adabu, aliisoma faksi neno kwa neno. Alipolifikia "kavu" hakupaza sauti, na hakuwa na haja. Mkalimani alikuwa bado anatafsiri wakati Bonaventure alipoinuka.

"Naomba musimpigie yule mama simu."

"Kwa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Hana kosa. Nirudisheni, lakini musimpigie."

Pulchérie alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyekanyagwa. Mwakilishi wa serikali aliandika haraka. Nyanchama alimvuta Bonaventure kwa mkono wa koti mpaka akaketi, na karani akabonyeza namba.

Simu ililia. Ililia kule Mpulungu na ikasikika katika chumba kile kizima, kupitia kisanduku kilichokuwa katikati ya meza, na hakuna aliyeipokea. Ikakatika yenyewe. Karani alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti aliangalia saa ya ukutani, akasema, "Mara moja zaidi." Ikalia tena. Amyn alikuwa amekwisha kuanza kujitungia maneno ya kumwambia Pulchérie, na hakuna hata moja lililofaa, ndipo sauti ya mwanamume ikasema "Posta," kisha viatu, kisha kuhema.

"Ndiyo, mukwai. Kasonde."

Aliulizwa, akajibu. Ndiyo, aliiona ndege ikishuka. Ndiyo, siku ya pili yake walichota mafuta, yeye na mhudumu wake, kwa mpira. Mapipa ya zahanati yalijaa, ya misheni yakajaa, na watu wa kijiji wakapata kwa ndoo na chupa mpaka likakauka. Kuanzia siku ile hadi mvua zilipokwisha, friji halikuzima.

Mwenyekiti alimgeukia Amyn. Ndege iliyokwenda kaskazini kwanza ingeweza kufika na mafuta hayo? Amyn alisimama. "Isingeweza," alisema. "Mwezi huu niliwapa karatasi inayosema tangi lilikuwa kavu. Karatasi ni ya kweli. Niliisoma vibaya mimi."

Kijana wa serikali aliegemea kisanduku cha simu. "Mama, nani alikuruhusu kuchota?"

"Rubani mwenyewe. Walikuwa hawajamchukua bado. Alilala chali matopeni chini ya ndege, akatuonyesha koki. Alisema, chukueni kabla hawajaja, kwangu hayana kazi tena. Nikamwambia nitafungwa. Akasema hatanitaja."

"Ulijua kwamba ni mali ya kuzuiwa na jeshi?"

"Nilijua."

"Na leo huogopi kuyasema?"

"Niliogopa mpaka jana. Asubuhi hii nilikwenda mwenyewe kwa wakubwa wangu nikawaambia, nisije nikasemewa. Ndiyo maana nimechelewa simu ya kwanza. Wamechukua funguo."

Mkalimani alisita. Mwenyekiti akauliza ni funguo zipi.

"Za zahanati. Nilizivaa shingoni tangu kijana."

Bonaventure alikuwa amefunika uso kwa mikono yake mikubwa. Mwenyekiti alimshukuru shahidi, lakini kabla karani hajakata, sauti ilisema, "Rubani yupo hapo?"

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Bonaventure alisogea mpaka mdomo ukakaribia kugusa kisanduku. "Niko, Sista. Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Wamekukubali?"

"Bado wanafikiri."

"Waambie wafikiri upesi," Sista Kasonde alisema. "Posta inafungwa, na mimi nataka kujua."

Wajumbe walitoka, wakakaa kidogo, wakarudi wakiwa wamekwisha kukubaliana. Bonaventure hakuwa muuaji. Familia ingebaki. Pulchérie alianguka magotini palepale katikati ya viti, akalia na kumsifu Mungu kwa Kiswahili na Kifaransa, na Nyanchama, yule mwenye haraka, akapiga magoti naye.

Amyn alitoka nje ukumbini. Bonaventure alimfuata, akasimama kando yake, wote wawili wakiitazama theluji chini barabarani.

"Nilikuambia sijui," Bonaventure alisema.

"Nilijua kuwa unajua."

"Ungekubali tu ile 'sijui' yangu."

"Ungekuwa umekufa, ndugu yangu."

"Ndiyo," Bonaventure alisema, bila hasira. "Na yeye angekuwa na funguo zake."

Amyn alikuwa na furaha na alikuwa na haya, vyote kwa pamoja, na hakujaribu kuficha hata kimoja. Akawatangulia kwenda kulisogeza gari mlangoni.